Mnyoo Mchimbaji: Adui Asiyeonekana Katika Mizizi ya Migomba ya Kagera

Mvua za masika zinapoambatana na upepo mkali kutoka Ziwa Victoria, si jambo geni kwa mkulima wa Kata ya Izimbya, katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, kuamka asubuhi na kukuta migomba yenye mikungu mikubwa imelala chini. Lawama huelekezwa kwa upepo. Hata hivyo, mgomba wenye mizizi mizima hushika udongo kwa nguvu na hauangushwi kirahisi na upepo wa kawaida. Mgomba unaong'oka pamoja na tunguu lake, huku ukiacha mizizi mifupi, myeusi na iliyokatika, kwa kawaida umekwisha kudhoofishwa kwa muda mrefu kabla ya upepo kuvuma.

Miongoni mwa wanaohusika na udhaifu huo ni kiumbe mdogo ambaye macho ya binadamu hayawezi kumtambua bila msaada wa darubini. Wataalamu wa kilimo humwita mnyoo mchimbaji, na jina lake la kisayansi ni Radopholus similis. Mnyoo huyu huingia ndani ya mzizi ulio hai, huchimba njia humo, hula, hutaga mayai na kulea kizazi baada ya kizazi bila kulazimika kutoka nje. Kwa familia ambayo chakula chake cha kila siku ni ndizi za kupika, maarufu kama ebitoke, na ambayo kipato chake hutegemea kibanja kimoja, kumfahamu mnyoo huyu ni hatua ya kwanza ya kulinda chakula cha nyumbani.

Ni kiumbe wa namna gani

Mnyoo mchimbaji ni wa kundi la minyoo duara wanaojulikana kitaalamu kama nematodi. Kundi hili ni miongoni mwa makundi ya wanyama wenye idadi kubwa zaidi duniani. Nematodi hupatikana katika tope la sakafu ya bahari, katika maziwa na mito, katika udongo wa mashambani, na ndani ya miili ya mimea, wanyama na binadamu. Walio wengi hawana madhara. Wapo wanaokula bakteria na ukungu na hivyo kusaidia kurutubisha udongo. Wachache wamejenga uhusiano wa kinyonyaji na mimea, na mnyoo mchimbaji ni mmoja wao.

Jike aliyekomaa huwa na urefu usiofikia milimita 1, na kwa wastani ni takribani milimita 0.7. Mwili wake ni mwembamba kama uzi na hauna rangi. Hata anapokuwa nje ya mzizi, huishi kama kiumbe wa majini, kwa kuwa husogea katika utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo. Udongo unapokauka kabisa, mwendo wake husimama.

Silaha kuu ya jike ni sindano fupi na imara iliyomo mdomoni mwake. Kwa sindano hiyo hutoboa ukuta wa seli ya mzizi, kisha hufyonza maji yenye virutubisho yaliyomo ndani. Dume ni tofauti. Sindano yake ni dhaifu, na wataalamu wanaeleza kuwa dume aliyekomaa hali chakula. Kwa hiyo, uharibifu unaoonekana katika mizizi hutokana na majike pamoja na minyoo wachanga.

Mnyoo huyu alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Marekani, Nathan Cobb, mwaka 1893, kutokana na mizizi ya migomba iliyooza aliyoichunguza kutoka visiwa vya Fiji katika Bahari ya Pasifiki. Tangu hapo ametambuliwa katika maeneo mengi ya joto duniani. Huko Indonesia alihusishwa na kuangamia kwa mashamba ya pilipili manga katika kisiwa cha Bangka, na mwaka 1953 wataalamu wa Florida nchini Marekani walimtambua kuwa chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukidhoofisha michungwa. Safari zake za mbali amezifanya kwa msaada wa binadamu, akiwa amejificha ndani ya machipukizi na mizizi iliyohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

Mzunguko wa maisha yake

Maisha ya mnyoo mchimbaji huanzia ndani ya mzizi. Jike hutaga wastani wa mayai manne hadi matano kwa siku, kwa muda wa takribani wiki mbili, katika njia alizozichimba. Hivyo jike mmoja anaweza kuacha mayai yapatayo 60 hivi katika mzizi mmoja.

Ndani ya yai, mnyoo mchanga hujivua ngozi kwa mara ya kwanza. Baada ya siku 8 hadi 10, katika hali nzuri ya joto, huanguliwa akiwa tayari kula. Hana kipindi cha kupumzika wala cha kusubiri. Huanza kutoboa seli zilizo karibu naye na kusonga mbele. Hujivua ngozi mara tatu nyingine kabla ya kukomaa, hatua inayochukua siku 10 hadi 13. Katika joto la nyuzi 24 hadi 32 za Selsiasi, kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa siku 20 hadi 25.

Kwa kawaida jike na dume hujamiiana. Hata hivyo, uchunguzi wa kisayansi umeonesha kuwa jike asiyepata dume anaweza kuzaa peke yake kwa kujirutubisha. Maana yake kwa mkulima ni nzito: mnyoo mmoja tu mchanga wa kike, aliyesalia katika chipukizi linalodhaniwa kuwa safi, anaweza kuwa chanzo cha jamii nzima katika shamba jipya.

Joto ndilo linaloamua kasi ya mzunguko huu. Mnyoo mchimbaji hustawi zaidi katika joto linalokaribia nyuzi 30, na uzazi wake husimama joto linaposhuka chini ya nyuzi 16 au 17. Usawa wa maji ya Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto katika eneo la Bukoba ni takribani nyuzi 21. Hapa mnyoo huyu huzaliana, ingawa kwa kasi ndogo kuliko katika mwambao wa Bahari ya Hindi. Katika maeneo ya juu zaidi yenye baridi, nafasi yake huchukuliwa kwa kiasi kikubwa na ndugu yake mwingine, Pratylenchus goodeyi, ambaye huvumilia baridi na huacha vidonda vinavyofanana. Wote wawili wamekutwa katika migomba ya Mkoa wa Kagera, na mara nyingi mzizi mmoja huwa na zaidi ya aina moja ya minyoo.

Namna anavyoudhuru mgomba

Mizizi ya mgomba ina kazi mbili. Hunyonya maji na virutubisho, na hushikilia mmea ardhini. Mnyoo mchimbaji huharibu kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Anapoingia, hukaa katika nyama laini ya mzizi iliyo kati ya ganda la nje na moyo wa mzizi. Seli zilizofyonzwa hufa na kuacha matundu. Matundu hayo huungana na kuwa vijia, na vijia huwa vidonda vya rangi nyekundu iliyoiva, ambavyo baadaye hugeuka kuwa vyeusi. Ukungu na bakteria wa udongoni huingia kupitia majeraha hayo na kukamilisha uozo. Kidonda kinapouzunguka mzizi wote, sehemu iliyo mbele yake hufa na kukatika. Mnyoo huhamia sehemu iliyo hai, huingia mzizi mwingine, au hupenya hadi kwenye tunguu.

Juu ya ardhi, dalili huja taratibu na ni rahisi kuzichanganya na upungufu wa rutuba. Mgomba huchelewa kutoa mkungu, majani hupungua, mikungu huwa midogo, na muda kati ya mavuno ya mgomba mama na ya chipukizi lake hurefuka. Mwishoni, mzigo wa mkungu unapozidi nguvu za mizizi iliyosalia, mgomba huanguka. Majaribio yaliyofanywa katika ukanda wa Afrika Mashariki yameonesha kuwa hasara inayotokana na minyoo ya mizizi inaweza kufikia theluthi moja hadi nusu ya mavuno, hasa katika mashamba yenye udongo uliochoka.

Kumtofautisha na fukusi

Wakulima wengi wa Kagera wanamfahamu fukusi wa migomba, mdudu mweusi ambaye kiluwiluwi chake hutoboa tunguu. Kwa kuwa fukusi naye huangusha migomba, ni muhimu kutofautisha madhara ya wawili hawa ili hatua zinazochukuliwa zilenge adui halisi.

Mgomba ulioshambuliwa sana na fukusi huvunjika karibu na ardhi, na sehemu ya tunguu hubaki udongoni ikiwa imejaa matundu makubwa yanayoonekana kwa macho. Mgomba ulioathiriwa na minyoo hung'oka mzima, tunguu likiwa juu, na mizizi iliyosalia ni mifupi na imeoza. Mnyauko bakteria, ugonjwa ulioutikisa Mkoa wa Kagera tangu katikati ya miaka ya 2000, una dalili tofauti kabisa: majani hunyauka na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa na rangi ya kahawia, na shina likikatwa hutoa utomvu wa njano.

Mkulima anaweza kupima hali ya mizizi yake bila kifaa cha maabara. Huchagua mgomba uliotoa mkungu karibuni na kuchimba shimo la sentimita 20 kwa kila upande kando ya tunguu. Kutoka katika mizizi iliyo hai, huchukua mitano, huikata vipande vya urefu wa sentimita 10 na kuipasua kwa urefu kwa kisu. Mzizi wenye afya huwa mweupe ndani. Michirizi ya wekundu na weusi katika nyama ya mzizi ni alama ya minyoo. Kadiri sehemu yenye rangi hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo hatari ya kuanguka kwa mgomba inavyoongezeka. Uthibitisho wa aina ya mnyoo hufanyika maabara, kwa darubini.

Kibanja na desturi ya kugawana machipukizi

Kuenea kwa mnyoo mchimbaji kunahusiana moja kwa moja na namna jamii ya Wahaya ilivyojenga kilimo chake. Kibanja ni shamba la kudumu linaloizunguka nyumba, lenye migomba, kahawa, maharage na miti. Hurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na katika familia nyingi ndimo yalimo makaburi ya wazee. Kwa vizazi vingi kibanja kimelimwa bila kupumzishwa, kikitegemea samadi ya ng'ombe na matandazo ya nyasi kutoka rweya, yaani maeneo ya wazi ya malisho.

Mfumo huo ulistahimili kwa sababu rutuba ilihamishwa kutoka rweya kwenda kibanjani. Idadi ya ng'ombe ilipopungua, ikiwamo kutokana na sotoka ya miaka ya 1890, na baadaye ardhi ilipogawanywa katika vipande vidogo kadiri watu walivyoongezeka, samadi na nyasi vilipungua. Udongo uliochoka huzalisha mizizi michache, na mizizi michache haiwezi kufidia ile inayoliwa na minyoo.

Jambo la pili ni machipukizi. Kwa desturi, anayeanzisha kibanja kipya huomba machipukizi kwa ndugu au jirani. Ni desturi njema inayojenga undugu na iliyohifadhi aina nyingi za migomba ya asili, kama vile Nshakala, Nyoya na Ntobe. Hata hivyo, chipukizi linapong'olewa na kupandwa likiwa na udongo na mizizi yake, huhamisha pia mayai na minyoo. Mnyoo huyu hasafiri mbali kwa nguvu zake mwenyewe. Anayemvusha kutoka kitongoji kimoja hadi kingine ni mpandaji.

Kusafisha machipukizi kabla ya kupanda

Kwa kuwa mlango mkuu wa mnyoo ni chipukizi, hatua yenye tija kubwa na gharama ndogo ni kulisafisha kabla halijafika katika shamba jipya.

Kwanza, mkulima huchagua machipukizi yenye afya, yenye majani membamba mfano wa upanga, kutoka katika mashina yaliyozaa vizuri. Pili, kazi ya kumenya hufanyika palepale yanapong'olewa: mizizi yote hukatwa, na ganda la nje la tunguu huondolewa kwa kisu kikali au panga hadi sehemu nyeupe ionekane. Doa dogo la rangi nyekundu au nyeusi huchongwa hadi liishe. Tunguu lenye madoa mengi au matundu hutupwa. Maganda hayapelekwi katika shamba jipya.

Tatu, tunguu lililomenywa hutibiwa kwa maji ya moto. Njia iliyozoeleka kitaalamu ni kulizamisha katika maji yenye joto la nyuzi 53 hadi 55 kwa dakika 20, jambo linalohitaji kipimajoto na uangalifu, kwani joto likizidi tunguu hufa na likipungua mnyoo husalimika. Njia nyepesi zaidi, iliyofanyiwa majaribio na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), ni kuzamisha tunguu lililomenywa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu na kulitoa mara moja. Pipa, moto wa kuni na mtu wa kuhesabu taratibu hadi 30 vinatosha. Joto hufika katika tabaka la nje walimo minyoo na mayai ya fukusi, bila kuua kiini cha mmea.

Nne, machipukizi yaliyotibiwa hupandwa mapema katika udongo usio na minyoo. Kuyarudisha katika shimo lilimotoka mgomba mgonjwa ni kupoteza kazi yote iliyofanyika.

Kuupumzisha udongo

Nje ya mzizi ulio hai, mnyoo mchimbaji hana maisha marefu. Katika udongo wenye unyevu usio na mmea anaoweza kuushambulia, huweza kudumu kwa takribani miezi sita. Hata hivyo, vipande vya tunguu na mizizi vilivyosahaulika ardhini humpa hifadhi, na ndiyo sababu inashauriwa kuondoa mabaki yote ya migomba na kulima mazao mengine kwa angalau mwaka mmoja. Muhogo na viazi vitamu ni miongoni mwa mazao yanayofaa, kwa kuwa hayamlishi mnyoo huyu.

Ushauri huu una ugumu wake kwa mwenye kibanja kidogo. Kung'oa migomba yote ni kuondoa chakula mezani, na kwa wengi ni kugusa urithi wa wazee. Njia inayowezekana ni kugawa kibanja katika sehemu na kupumzisha moja baada ya nyingine, kuanzia penye migomba inayoanguka zaidi, huku sehemu nyingine zikiendelea kuilisha familia. Sehemu iliyopumzishwa hupandwa upya kwa machipukizi yaliyotibiwa au kwa miche ya tishu, ambayo huzalishwa maabara na huanza maisha ikiwa haina minyoo wala fukusi.

Samadi, mboji na matandazo havimuui mnyoo, lakini huuwezesha mgomba kutoa mizizi mipya kwa wingi na hivyo kuvumilia mashambulizi. Kuegemeza migomba yenye mikungu kwa miti imara huokoa mavuno ya msimu, ingawa hakuondoi chanzo cha tatizo. Jembe lililotumika katika eneo lenye ugonjwa linapaswa kuondolewa udongo kabla ya kuingia eneo jingine, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka shamba la juu yazuiwe kwa makinga maji.

Aina zenye ukinzani na mchango wa utafiti

Si kila mgomba huathirika kwa kiwango sawa. Migomba ya asili ya ukanda wa Maziwa Makuu, inayotoa ndizi za kupika na za pombe ya rubisi, kwa jumla hushambuliwa kwa urahisi. Aina ya Yangambi Km5, iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha Yangambi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inafahamika kwa ukinzani wake dhidi ya mnyoo mchimbaji na pia Pratylenchus goodeyi. Aina nyingine kinzani, Pisang Jari Buaya kutoka Kusini Mashariki mwa Asia, imetumiwa na watafiti wa Honduras kuzalisha baadhi ya migomba chotara ya FHIA.

Kati ya mwaka 1997 na 2002, Mpango wa Maendeleo ya Jamii Kagera (KCDP), uliotekelezwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Ubelgiji, ulisambaza kwa wakulima wa mkoa huo aina mpya za migomba, zikiwamo Yangambi Km5 na FHIA. Lengo lilikuwa kukabiliana na kushuka kwa uzalishaji kulikotokana na visumbufu, magonjwa na udongo kuchoka. Mwaka 2021 aina nyingine nne za chotara, TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4, ziliidhinishwa nchini, zikiwa ni matunda ya ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Uganda na IITA. Pamoja na mafanikio hayo, aina mpya hazilingani kwa ukinzani dhidi ya minyoo, na chipukizi la aina yoyote bado linahitaji kusafishwa kabla ya kupandwa. Ladha nayo ina uzito wake: wakulima wengi wanaendelea kuthamini ndizi za asili kwa chakula cha nyumbani, na kwa aina hizo usafi wa machipukizi ndiyo kinga ya kwanza.

Katika mkoa huo, utafiti wa migomba hufanywa na Kituo cha Maruku, kilichopo Wilaya ya Bukoba, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2016. Mkulima anayeona migomba yake ikianguka na mizizi yake anashauriwa kumwona afisa ugani wa kata yake akiwa na mizizi iliyopasuliwa, badala ya kununua viuatilifu kwa kukisia. Viuatilifu vya kuua minyoo ni ghali na ni vya sumu kali, na kibanja ndicho kinachozunguka nyumba, kisima na mahali watoto wanapochezea.

Mnyoo mchimbaji hataondoka Kagera kwa msimu mmoja. Lakini maisha yake yana sehemu dhaifu zinazofahamika: hawezi kwenda mbali bila kubebwa, hawezi kudumu muda mrefu bila mzizi, na hastahimili sekunde 30 za maji yanayochemka. Kwa mkulima wa Izimbya anayejiandaa kumpa jirani machipukizi msimu ujao wa mvua, kisu kikali na pipa la maji ya moto vinaweza kuamua iwapo zawadi hiyo itakuwa mwanzo wa kibanja chenye afya au wa migomba mingine itakayoanguka.